Mwaka Niliopima Malezi Junda

Nilifika Mombasa ndani ya lori tupu. Lilikuwa limeshusha shehena mpakani mwa Sudan Kusini na sasa lilikuwa likirudi bandarini, maturubai yamekunjwa nyuma, na dereva alinichukua Lodwar kwa sababu alitaka mtu wa kumsemesha ili asisinzie. Mimi nilikuwa nimemaliza kazi ya kukagua visima vya mradi mmoja huko Turkana. Chumba nilichopanga nilikuwa nimeshakirudisha kwa mwenyewe, na hapakuwa na mahali palipokuwa pakiningoja. Dereva aliposema anakwenda Changamwe, nikamwambia hata mimi nakwenda huko.

Njia ilikuwa ndefu mno. Tulipita Kitale kukiwa na baridi ya kukata mifupa, tukalala Salgaa, tukashinda Mlolongo kutwa nzima tukingoja fundi wa breki. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi, na mengi katika hayo yalikuwa habari za watoto wake.

"Yule wangu wa mwisho," alisema, "nikiingia nyumbani yeye mbio hadi jikoni. Amwambia mamake, 'Mama, mgeni kaja.' Mgeni! Na karo yake nalipa mimi!"

Akacheka sana, kisha akafungulia redio mpaka Mtito Andei.

Tulipofika Voi alipunguza mwendo penye njia ya kuchepuka kwenda Taveta. Nilikuwa nimemwambia kwamba huko ndiko nilikozaliwa, kando ya mashamba ya mkonge, na kwamba mama yangu alikuwa akiuza ndizi sokoni mpaka alipofariki.

"Washuka?" akauliza.

"Hapana. Twende."

Ndugu zangu wametawanyika na nyumba ya mama inakaa watu nisiowajua. Hata hivyo kila nikipita Voi shingo hugeuka yenyewe. Nimeishi Mwanza, nimeishi Malaba, nimeishi Isiolo, na kote huko nilikaa kama mtu aliyeweka begi chini ili apumzishe mkono. Nilipokuwa Mwanza niliitamani Taveta. Nilipokuwa Isiolo niliitamani Mwanza. Sasa nikiwa mbali, naitamani Junda ya Mombasa, ingawa ndiko nilikoona jambo ambalo mpaka leo linanikosesha raha.

Junda nilielekezwa na yule yule dereva. Kulikuwa na mzee aliyefanya naye kazi bandarini zamani, mtu wa Kisauni asili, mwenye nyumba ndefu ya vyumba vinavyotazamana na ukumbi katikati. Alinipa chumba cha mwisho, karibu na kisima. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na aliogopa kitu kimoja tu maishani, kuwa na ugomvi na watu. Akisikia wapangaji wanazozana, hutoka nje akaenda msikitini hata kama saa ya sala haijafika.

Kazi niliipata kwa kuwa mgeni. Mradi mmoja wa malezi ulikuwa umeanzisha vikundi vya kina mama wenye watoto wadogo, wa nyumba zenye hali ngumu. Kila wiki mama hao walikutana kwenye baraza ya mmoja wao, wakafundishwa kuzungumza na mtoto, kucheza naye, kumsifu, na kumrudi bila fimbo. Waliotoa fedha walitaka kujua kama mafunzo yanabadilisha lolote, kwa hiyo wakatafuta watu waliomaliza kidato cha nne, wanaosoma Kiswahili bila kukwama, na wasiojulikana mtaani. Sifa hiyo ya tatu niliitimiza kuliko wote.

Tulifundishwa jinsi ya kupima. Unaingia nyumbani, unauliza maswali yako, kisha unatoa mfuko wenye mpira, vikombe vya plastiki vya kupangwa na kitabu cha picha. Unamwomba mama acheze na mtoto kama kawaida yake. Wewe unakaa pembeni na simu kubwa ya mradi na kuweka alama: mama amemsifu, amemkemea, amemweleza jambo; mtoto amejibu, amecheka, amelia. Usiseme neno. Usile wala kunywa chochote. Usitabasamu sana. Msimamizi wetu, msichana mwenye bidii aliyetoka Nairobi, alitukaririsha maneno ya kuwaambia kina mama kabla ya kuanza: "Jifanye kama sipo."

Bibi mmoja wa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, aliyekuwa akilea wajukuu, alinitazama niliposema hayo akaangua kicheko.

"Utakuwaje hupo, na umekaa kwangu?"

Hilo ndilo lililokuwa tatizo tangu siku ya kwanza. Kwa watu wa pale, mgeni akiingia, nyumba nzima humgeukia yeye. Watoto huamkia, hukaa kitako kimya, au hupelekwa nje wakacheze huko wasisumbue. Mtoto anayebwata mbele ya mgeni hakufunzwa. Na sisi tulikuwa tumeingia tukitaka kuona mtoto anabwata.

Miongoni mwa nyumba nilizopangiwa ilikuwamo ya mama mmoja kijana, mpwa wa yule mzee mwenye nyumba yangu. Alikaa njia ya pili kutoka kwetu, chumba kimoja, yeye na binti yake wa miaka minne. Mumewe alikuwa kibarua wa makontena, na alimpa talaka wakati mtoto akiwa bado ananyonya, akaoa kwingine. Mtoto akabaki kwa mama, kama dini inavyoelekeza akiwa mdogo. Mama huyo alijitegemea kwa kukaanga viazi vya karai jioni kando ya barabara.

Nilipoenda kumpima mara ya kwanza alikuwa ameazima kiti cha jirani ili nisikae mkekani. Juu ya stuli kulikuwa na glasi ya maji ya ukwaju iliyofunikwa kwa kisahani.

"Karibu kaka, poza koo kwanza."

"Ahsante, lakini hatukuruhusiwa."

"Basi maji tu."

"Hata maji."

"Kwani umefunga? Leo si Jumatatu wala Alhamisi."

Nikamwambia ni kanuni za kazi. Aliichukua ile glasi akaipeleka nyuma ya pazia, na nilijua kwa jinsi alivyotembea kwamba nimemvunjia heshima. Binti yake aliniamkia shikamoo, akakaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Nilipotoa mfuko, mama akamsogezea mpira kwa ncha za vidole kama mtu anayesogeza kitu kisicho chake.

"Cheza, mama."

"Abee."

Hakucheza. Kila mama alipomwita aliitika abee, na kila alipoulizwa kitu alinitazama mimi kwanza kisha akainamisha macho. Mama yeye alikuwa akiangalia iwapo feni inanifikia, iwapo kiti hakichomi, iwapo jua la mlangoni halinipigi usoni. Muda ukaisha. Alama alizopata zilikuwa chache kuliko za nyumba zote nilizopima wiki ile. Mtoto hajibu. Mama hamsemeshi. Niliweka nilichokiona, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, nikaaga.

Lakini mimi nilikuwa jirani. Jioni nilipita barabarani kununua viazi, na kule nikawaona watu wengine kabisa.

Karai lilikuwa juu ya jiko la makaa, na kulizunguka mama alikuwa amechora duara kwa majivu. Binti hakuruhusiwa kulivuka. Alikaa nje ya duara juu ya kreti ya soda, miguu inaning'inia, na kazi yake ilikuwa kubashiri. Kila mteja akikaribia, mama aliuliza bila kuinua kichwa, "Huyu je?"

Mtoto alimkazia mteja macho, akamsoma uso. "Huyu ataka pilipili."

"Nyingi au kidogo?"

"Nyingi! Ana hasira."

Mteja huyo alikuwa mwendesha bodaboda. Aliposema, "Mama, tia pilipili ya kutosha, leo nimeudhika," mama aliweka chini kichujio akacheka mpaka akashika kiuno. Binti naye akacheka kwa kuwa mamake anacheka. Akija mwingine na mtoto akikosea, mama humwambia, "Umekula hasara, mwanangu," na mtoto hupiga goti lake kwa uchungu wa kubuni. Waliendelea hivyo mpaka viazi vikaisha. Nilizoea kusimama pale hata kama nimeshakula.

"Na mpimaji je?" mama alimuuliza siku moja nilipofika.

Binti alinitazama. "Huyu hajui anataka nini."

Watu waliokuwa pale walicheka, na mimi nikacheka nao.

Mafunzo yakaendelea baraza hadi baraza, na baada ya miezi kadhaa tukatumwa kupima tena. Nisiseme mafunzo yale hayakuwa na maana. Mama mmoja karibu na kisima, aliyekuwa akimchapa mwanawe kwa mwiko mpaka majirani wanaingilia, alikuwa ameacha. Sikuambiwa, ukuta wangu ulipakana na wake. Lakini niliporudi kwa yule mwenye karai nilikuta amejifunza kile alichodhani nimekuja kukitafuta. Safari hii hapakuwa na glasi wala kiti cha kuazima. Alikaa chini na mtoto, akaanza kuzungumza kwa sauti ya mwalimu wao wa kikundi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake hata siku moja.

"Hongera, mwanangu! Umechukua kikombe chekundu! Sasa umekiweka juu ya kikombe cha kijani! Mama anafurahi sana!"

Binti alimtazama. Akanitazama mimi. Akakiweka kikombe chini.

"Mama, wasema na nani?"

"Nasema nawe, mpenzi wangu! Vizuri sana! Endelea!"

Mtoto akamrukia shingoni, akaficha uso, akalia. Mama akambembeleza huku akiendelea kumsifu. Kwenye simu ya mradi alama zikapanda juu: sifa nyingi, maelezo mengi, mkumbatio. Msimamizi alipoziona aliniambia nyumba ile imepiga hatua kubwa. Nilitaka kumweleza, lakini alikuwa ameshageukia simu ya mwenzangu.

Basi wakati huo huo ndipo watu wa upande wa baba walipokuja.

Walitoka Likoni, baba wa mtoto na dada yake mkubwa, shangazi wa mtoto. Walikuwa wameambiwa kwamba binti yao hukaa barabarani jioni, na walitaka akalelewe kwa bibi yake, mama wa baba. Mama akakataa. Yule mzee mwenye nyumba yangu, akiwa mjomba wake na mtu pekee wa kumsimamia, akaitisha kikao kwake Jumapili baada ya sala ya alasiri, ili jambo lisifike kwa kadhi.

Mama alikuja mlangoni kwangu siku ya Jumamosi. Hakuingia, alisimama ukumbini.

"Kaka, wamesikia mradi umenipima. Shangazi yake asema nawe uitwe, useme."

"Siruhusiwi kutaja alama za mtu."

"Sitaki utaje alama. Nataka useme ulichokiona. Wewe hupita pale kila siku. Wao hawajapita."

Nilimpigia msimamizi. Akaniambia nisiende kabisa, na nikienda nisifungue kinywa kuhusu vipimo. Niliwaza usiku kucha. Kile nilichokiona barabarani hakikuwa kipimo cha mtu. Nilikiona kama jirani, na mkononi nilikuwa na viazi. Nikaamua kwenda.

Tuliketi sebuleni kwa mzee. Baba wa mtoto alikuwa kijana mnyamavu, mwenye mikono yenye makovu ya waya. Alikuja na gauni jipya la mtoto ndani ya mfuko, na muda wote aliukunja na kuukunjua ule mfuko. Maneno yalikuwa ya dada yake. Alikuwa na buibui jeusi la kumeta na sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alianza. "Nauliza tu. Huyu bwana mpimaji amepima. Amepata nini?"

"Mradi hauruhusu niseme," nikajibu.

"Aa! Wallahi mtu akiwa na la heri halimtoki mpaka aombewe ruhusa?" Akamgeukia mzee. "Mzee wangu, nikikuuliza mpishi wako yuwapikaje, ukanambia 'siruhusiwi kusema,' mimi nitakuja kula kwako?"

Mzee alikohoa. Alinitazama kama mtu anayeomba msaada. Na ni kweli, kimya changu kilikuwa kikinuka. Niliona hata mjomba anaanza kumwonea mpwa wake mashaka. Kwa watu wale ubaya wa mtu husitiriwa kwa kunyamaza, na wema wake husemwa. Mimi nilikuwa nimenyamaza.

Mama alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, mtoto hayupo, amepelekwa kwa jirani. Akaniambia, "Kaka, sema. Sema ule mchezo wetu."

Nikasema. Nilieleza duara la majivu, jinsi mtoto asivyolivuka. Nilieleza swali la "Huyu je?" na majibu ya mtoto, pilipili nyingi, pilipili kidogo, na vicheko. Nilieleza vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeupenda mchezo ule. Nikasema katika nyumba zote nilizoingia sikuona mama na mtoto wanaosikilizana namna ile. Nilipomaliza nilidhani nimemaliza kesi.

Shangazi aliweka buibui lake sawa. Kisha akasema polepole, safari hii bila kebehi.

"Nimesikia sawa? Mtoto wetu wa kike, jioni, barabarani, kazi yake ni kutazama wanaume nyusoni?"

"Ni mchezo," nikasema.

"Na kuwaambia huyu ana hasira, huyu ana nini. Wanaume wa bodaboda. Nao wamcheka."

"Wanacheka naye," nikasema.

"Na mafuta ya moto yako hapo, yamezungushiwa majivu." Akamgeukia kaka yake. "Umesikia? Mimi sikusema kitu. Amesema shahidi wao."

Yule baba aliacha kukunja mfuko. Kwa mara ya kwanza alizungumza, naye hakuwa na ubaya sautini, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Mimi sisemi kwamba hampendi. Najua ampenda. Lakini nikiwa kazini nitawaza yale mafuta."

Mama alisema, "Hajawahi kuungua hata kidole."

"Inshallah asiungue," shangazi akasema. "Aje kwa bibi yake asiungue huko. Nawe ukipata kazi ya kukaa chini ya paa, uje umchukue. Sisi hatumnyang'anyi mtu."

Mama akamtazama mjomba wake. Sote tulimtazama. Angeweza kusema hapana, twende kwa kadhi, na nadhani kadhi angemwachia mama mtoto wake. Mzee alipangusa kofia yake magotini, akasema watu wa kheri hawapelekani mbele ya kadhi, akasema Likoni si mbali, akasema ni kwa muda tu. Kisha akaangalia saa, akatoka kwenda msikitini.

Mtoto alichukuliwa Jumapili iliyofuata akiwa amevaa gauni jipya.

Nilimngoja mama anilaumu. Jioni ile nilikwenda kwake, nikasimama nje. Alikuwa akisugua karai kwa mchanga.

"Ulisema kama ilivyokuwa," alisema kabla sijafungua kinywa. "Mimi ndiye niliyekwambia useme."

"Nilidhani wataona."

"Wameona. Wameona kwa macho yao."

Aliliegemeza karai ukutani, akaingia ndani. Hakukaanga tena. Alipata kazi ya kufua na kusafisha nyumba za kupangisha huko Nyali, akitoka alfajiri na kurudi magharibi, chini ya paa kama walivyotaka, na chumba chake kilikuwa kimefungwa siku nzima. Kila mwezi alisema mwezi ujao atamchukua mtoto. Kila mwezi watu wa Likoni walisema, kwa upole kabisa, na nani atakaa naye mchana?

Kwa mradi, jambo hili lilikuwa dogo. Msimamizi alisema nyumba imehama. Anayefuatwa ni mtoto, kwa hiyo kipimo cha mwisho kingefanywa mtoto aliko, na mlezi mkuu sasa ni bibi. Niliandikiwa safari ya Likoni.

Mama akapata habari, sijui kwa nani. Alinikuta kisimani asubuhi nikichota maji.

"Wenda kumwona."

"Naenda."

"Mimi huenda Ijumaa, nao hunikalisha sebuleni na mtoto huletwa amevishwa. Sipati kumwona alivyo. Wewe wakaa ukatazama, si ndiyo kazi yako? Basi nitazamie. Kama ala. Kama acheka. Kama ana woga. Na ukirudi usinifiche chochote, liwe zuri liwe baya."

Nikamwambia nitamtazamia. Katika kazi zote za kupima nilizofanya, za visima na za watu, sijawahi kutumwa na mtu aliyehitaji jibu namna ile.

Bibi wa Likoni alikuwa na ua uliofagiwa, minazi michache, mbuzi, na kuku waliokuwa wakiingia na kutoka ndani. Alinikaribisha na nilipokataa madafu alisema tu, "Haya, kazi ni kazi," akaendelea kupeta mchele. Sikuhitaji hata kutoa mfuko. Mtoto alikuwa amekaa kando yake, akitoa mawe katika mchele na kumwonyesha kila jiwe.

"Bibi, hili ni kubwa."

"Hilo lingenivunja jino langu la mwisho. Wataka bibi yako awe kibogoyo?"

Mtoto alicheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha tumboni, kile kile cha barabarani. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimesukwa, magoti hayana vumbi. Hakunitazama hata mara moja kabla ya kujibu. Bibi hakuwa amehudhuria mafunzo yoyote, upande ule mradi haukuwapo. Niliweka alama, na alama zilikuwa nzuri, nami nikajua kwamba za mara hii zilikuwa za kweli.

Njiani kurudi nilijaribu kutafuta upungufu. Nilitaka kitu cha kumpelekea mama yake. Nilikumbuka kwamba mtoto alikohoa mara moja. Nilikumbuka kwamba bibi alimkaripia alipomwaga mchele. Nilivigeuza vitu hivi viwili kichwani mpaka nikaona haya.

Nilimkuta ameketi kizingitini na buibui lake la kazi, hajavua viatu.

"Haya," akasema.

"Anakula vizuri. Ameongezeka mwili."

"Na kucheka?"

"Anacheka."

"Sana au kidogo?"

"Sana."

Akaitikia kwa kichwa. Akauliza, "Ana woga wa mtu?"

"Sikuona."

"Alhamdulillahi," alisema. Akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa bado nimesimama. "Afadhali ungenambia analia," akasema, kisha akafunika mdomo kwa mkono ule wenye kiatu. "Mola anisamehe. Sikusema hivyo."

"Sikusikia," nikamwambia.

Kazi iliisha muda si mrefu baadaye. Kulikuwa na mkutano chini ya hema, na wakubwa wa mradi walieleza kwamba kina mama wa vikundi sasa huwasifu na kuwasemesha watoto wao zaidi ya awali. Sidhani walisema uongo. Nilimwona yule mama wa mwiko mstari wa mbele, mwanawe amelala mapajani, na nikafurahi kwa ajili yake. Msimamizi aliniambia kuna awamu nyingine inaanza Port Reitz, na jina langu limo. Nilimshukuru. Usiku huo nikaanza kukunja nguo. Kuna mtu aliyekuwa ameniambia habari za mashamba ya mpunga huko Garsen, na nilitosheka na hilo.

Siku niliyoondoka ilikuwa Ijumaa, na mama naye alikuwa akienda Likoni kumwona mtoto. Tulitoka Junda pamoja mpaka Kongowea, ambako mimi ningengoja basi la Malindi na yeye angepanda gari la mjini. Idd ilikuwa karibu. Alisema anataka kumnunulia mtoto viatu, tukaingia kwa wauza mitumba.

Alichagua jozi ya sandali ngumu za ngozi, zenye kifungo. Akazigeuza, akapima soli kwa shubiri yake, akazirudisha, akachukua nyingine kubwa kidogo.

"Mtoto yuko wapi tumpime?" muuzaji akauliza.

"Yuko kwa bibi yake."

"Na baba hapa hajui saizi ya mwanawe?" Muuzaji alinielekezea kidevu, akitabasamu.

"Huyu si babake," mama akasema.

"Basi ni nani?"

"Ni mtu aliyemwona juzi." Akanigeukia akiwa ameshika kiatu. "Akija sebuleni huvishwa viatu vya kufunika. Mguu wake sijauona. Wewe ulimwona pekupeku. Umefika wapi?"

Nilijaribu kukumbuka ule mguu kando ya ungo wa mchele. Nikakishika kiatu, nikaweka kidole juu ya soli, nikakisogeza nyuma kidogo, nikakirudisha.

"Hapa," nikasema.

Alikitazama kidole changu mpaka muuzaji akaanza kuhudumia mtu mwingine. Kisha akakirudisha kile kiatu katika fungu lake, akachukua jozi kubwa kuliko nilivyoonyesha, ya mguu atakaokuwa nao mtoto mwaka kesho, akaanza kupatana bei.